Mi ni mjumbe wa mtaa hapa Moshi, kesi za wanawake kupigwa zinamalizwa kwa barua ya kupatana, nifanyeje?

MamaNdoo_Moshi

Habari zenu wapendwa, naombeni mnisome mpaka mwisho maana hili jambo limenikaa rohoni wiki ya tatu sasa.

Nipo Moshi mjini, mtaa sitautaja ila ni huku chini upande wa Pasua. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 nilipita kwenye nafasi ya wajumbe kundi la wanawake. Sikuwa mwanasiasa mimi, nauza ndoo na vyombo vya plastiki, akina mama wa kikoba chetu ndo walionisukuma wakasema we mama huwa huogopi kuongea, kachukue fomu. Nikachukua nikapita.

Sasa tangu niingie pale ofisini naona kesi za wanawake kupigwa zinakuja karibu kila wiki na zote zinaisha kwa namna moja. Mwanamke anakuja analia, mwenyekiti anamuita mume, wanakalishwa kwenye lile benchi, wanasemwa wote wawili kama vile wote wamekosa, afu inaandikwa barua kwamba "wamepatana na hawatarudia", wanasaini na muhuri wa mtaa unagongwa. Basi, imeisha.

Wiki tatu zilizopita alikuja mama mmoja ana mtoto mgongoni, mkono wa kulia kauviringishia kanga. Sikujua kuna nini mpaka barua ilipoandikwa akapewa kalamu. Akafungua ile kanga taratibu, vidole viwili vimevimba vimekuwa kama ndizi, vyeusi, hawezi hata kuvikunja. Kalamu ikamdondoka mara mbili. Mwenyekiti akasema basi weka dole gumba la kushoto. Akaweka. Na hapo chini panapoandikwa shahidi nikasaini mimi. Jina langu liko pale kwamba nimeshuhudia wamepatana wakati yule mama hata kalamu hawezi kuishika na mumewe kakaa pembeni anachezea simu.

Tangu siku ile silali vizuri. Nimemuuliza mwenyekiti akaniambia "mambo ya ndoa hayana mjumbe, ukiingilia unavunja nyumba za watu". Ninachoomba kujua ni je, mjumbe kama mimi nina nguvu yoyote kweli au nimewekwa pale kujaza idadi ya wanawake? Na la pili kuna watu wanasema nijipange nigombee udiwani 2030, huku juu kuna kinachobadilika au ndo yale yale? Naombeni ushauri wa kweli msinipambe.

---

MsaidiziSheria_Sakina

Pole sana mama. Mi ni msaidizi wa kisheria huku Arusha, haya ndo maisha yangu ya kila siku kwa hiyo nitakuandikia kirefu kidogo.

Kwanza ondoa hofu, hilo la "mambo ya ndoa hayana mjumbe" sio kweli. Kupiga mtu ni jinai. Kudhuru mwili, kifungu cha 241 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo mpaka miaka 5, na vidole kama hivyo vikionekana vimevunjika kosa linaweza kupanda likawa kubwa zaidi. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo kifungu cha 66 kinasema wazi hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya kumpiga, tangu 1971 hiyo mama, wengi wetu hatujazaliwa. Ofisi ya mtaa haina mamlaka ya kumaliza jinai. Mnaweza kusuluhisha watu waliogombania mpaka, kuku kaingia bustani ya jirani, deni la kikoba, ila mtu kavunjwa vidole hamsuluhishi, mnampeleka. Ile barua ya kupatana haimzuii yule mama kwenda polisi hata kesho asubuhi na haimlindi mume na kitu chochote.

Na ubaya wa hizo barua nimeuona kwa macho yangu. Mwanamke akipigwa mara ya tatu au ya nne na safari hii kaumia kweli, mume anaenda na faili la barua mbili tatu za mtaa zina muhuri, anasema huyu huwa tunagombana kawaida na tunapatana, ona hizi hapa. Ule muhuri ukageuka kuwa ushahidi wa mwanaume.

Kwa hiyo huyo mama, leo sio kesho, mpeleke dawati la jinsia na watoto pale polisi, atapewa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, aende hospitali apigwe picha ya huo mkono. Ikitokea ni kubakwa hiyo ni haraka zaidi, ndani ya masaa 72 awe amefika hospitali ili apate dawa za kukinga virusi vya ukimwi, asioge, nguo alizovaa asizifue, aziweke kwenye mfuko wa karatasi sio wa plastiki maana plastiki inavundisha. Kwa watoto kuna namba 116, ni bure.

Sasa kuhusu nguvu yako. Mama unayo na ipo kwenye kitu kimoja ambacho wajumbe wengi hawakiangalii, MUHTASARI. Katibu wa kikao chenu ni mtendaji wa mtaa, yule ni mwajiriwa wa halmashauri sio mtu wa mwenyekiti. Ukisema jambo kikaoni ukataka liandikwe, linatakiwa liandikwe, na ukikataa kusaini kitu unaomba iandikwe kwamba umekataa na sababu. Mwenyekiti wa mtaa ni mjumbe wa kamati ya maendeleo ya kata ambayo diwani ndo mwenyekiti wake, kwa hiyo kilichopo kwenye muhtasari wa mtaa kinaweza kupanda kata na kutoka kata kwenda baraza la madiwani. Kisichoandikwa hakipandi popote, kinabaki kuwa umbea wa akina mama.

Alafu uliza kamati ya MTAKUWWA ya mtaa wenu iko wapi. Ule mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto ulianza 2017/18, wa pili ukazinduliwa 2024, na unataka kuwe na kamati kuanzia taifa mpaka kijiji na mtaa. Sehemu nyingi kamati ipo kwenye karatasi tu, majina yapo ila ukiwauliza wenyewe hawajui kama ni wajumbe. Anza hapo.

---

MzeeWaNjoro

Mwanangu mjumbe, shikamoo za vijana nimezipokea, mi nina miaka 74 nimekaa ubalozi wa nyumba kumi miaka mingi.

Nasema ukweli wangu. Sipendi mwanamke apigwe na sijawahi kumpiga mama watoto wangu, ila hili la kukimbilia polisi mliangalie vizuri. Nimeona mimi mwanaume kapelekwa ndani, wiki ya pili mwanamke mwenyewe ndo anakuja kwangu analia baba nisaidie atoke, watoto hawana hela ya chakula, ada haijalipwa, mama mkwe kamfukuza kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, kasema umemfunga mwanangu utaishi wapi. Unafanyaje hapo? Sisi wazee tulikuwa tunapatanisha sio kwa sababu tunapenda wanawake wateseke, ni kwa sababu hatukuwa na kitu kingine cha kumpa. Hatukuwa na nyumba ya kumuweka wala hela ya kumpa. Tulikuwa na maneno tu.

Ila kwenye siasa nakuunga mkono gombea. Vijana mnadhani wanawake kwenye siasa ni mambo ya juzi. Lucy Lameck alikuwa wa hapa hapa Njoro, kaingia Bungeni 1960 kabla ya uhuru, na ndo mwanamke wa kwanza kushika nafasi ya uwaziri nchi hii, akiwa naibu. Wakati huo wapo Wachagga waliokuwa hawataki binti asome zaidi ya kujua kusoma Biblia. Kama yeye aliweza kipindi kile, wewe wa leo unaogopa nini.

---

Kiboriloni_Grade1

Shikamoo mzee. Mzee kagusa penyewe na mi namheshimu ila nataka nimjibu maana mi ndo yule mwanamke aliyerudi kumtoa mume polisi.

2016. Nilimtoa kwa sababu nilikuwa sina hata shilingi. Nilikuwa nalima kahawa na migomba kwenye kihamba cha ukoo wake Kibosho, navuna mimi, hela anachukua yeye. Nilivyoenda polisi mama mkwe aliweka nguo zangu kwenye kiroba barabarani, na sio kwamba alinichukia yule mama, yeye mwenyewe alipigwa miaka yote na anajua hakuna pa kwenda. Nikafuta maneno nikarudi. Nikapigwa tena miaka mitatu.

Kilichonitoa sio polisi peke yake na sio maombi peke yake ingawa yote nimefanya. Ni kikundi. Tulikuwa akina mama kumi tukaomba ule mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, wanawake 4 vijana 4 wenye ulemavu 2. Nikaanza kuuza mitumba hapa Kiboriloni, nikapanga chumba, ndo nikarudi dawati nikiwa na miguu ya kusimamia, safari hii sikufuta. Kwa hiyo mzee ni kweli hamkuwa na kitu cha kumpa, ila leo kitu kipo, kipo kwenye sheria tangu 2018 kwamba halmashauri LAZIMA itenge. Na hicho ni siasa kabisa. Nani anakaa kwenye kamati ya fedha, nani anauliza zimetoka shilingi ngapi na zimeenda kwa vikundi vya nani. Ile mikopo ilivyosimamishwa 2023 mpaka ikarudi 2024 mi najua wanawake wawili walirudi kwa waume zao wakapigwe kwa sababu mtaji ulikata. Hakuna aliyewaandika popote.

Mama Ndoo ukiwa diwani mi nakuomba kitu kimoja tu, usiniletee kanga na kofia. Simama kwenye bajeti useme nyumba salama ya wanawake na watoto iko ukurasa gani. Mwanamke anayekimbia saa nane usiku na watoto wawili anaenda wapi hapa Moshi? Stendi? Mi nililala stendi.

---

Chalii_wa_KwaMrombo

Mi nina swali wala sileti ubishi. Wanawake mbona wako wengi tu juu, Rais ni mwanamke tangu Machi 2021, Bunge wanawake wako zaidi ya theluthi, kina mama Anna Mghwira alikuwa mkuu wa mkoa hapo Kilimanjaro na aligombea urais 2015. Bado huku mtaani wake zetu wanapigwa vile vile. Sasa hiyo siasa inasaidia nini kwa yule mama wa vidole?

---

BintiMeru_77

Chalii swali lako ni la haki kabisa wala usiogope kuuliza. Mi niligombea udiwani kata moja hapa Arusha, nikashindwa kura za maoni ndani ya chama kwa kura 9, kwa hiyo nitakujibu kwa nilichokiona.

Wanawake wengi bungeni wameingia kwa viti maalum. Katiba ibara ya 66 inataka viti vya wanawake visipungue asilimia 30 na bila hivyo viti tungekuwa wachache sana, nawashukuru waliovipigania. Ila angalia vinavyofanya kazi. Anayekupa kiti ni chama, sio mwananchi wa Kwa Mrombo. Ukisema jambo ambalo wakubwa wa chama hawalipendi, awamu ijayo jina halirudi. Huna jimbo, mfuko wa jimbo anasimamia mbunge wa kuchaguliwa, na hata uwaziri mkuu hupewi maana Katiba inataka atoke kwenye wabunge wa majimbo. Kwenye halmashauri ni hivyo hivyo, diwani wa viti maalum anakaa barazani ila mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kata ni diwani wa kuchaguliwa. Yaani unakaribishwa sebuleni ila ufunguo wa stoo unabaki kwa mwenye nyumba. Ndo maana mi namwambia Mama Ndoo kama ni kugombea, gombea KATA.

Na sheria inabadilikaje? Rwanda wanawake walivyokuwa karibu nusu ya wabunge, mwaka 2008 sheria ya kuzuia ukatili wa kijinsia ilipita, na wabunge wanawake ndo walioianzisha na kuipigania. Kenya walipata sheria yao ya ukatili wa majumbani 2015. Sisi Tanzania Bara hatuna sheria inayosimama peke yake ya ukatili wa majumbani, tunaungaunga vifungu, cha ndoa huku cha jinai kule. Hakuna amri ya haraka ambayo yule mama angeipata mahakamani kesho kwamba mume atoke ndani ya nyumba ili yeye na watoto wabaki. Sasa hivi anayepigwa ndo anayebeba kiroba. Utafiti wa serikali wa 2015/16 ulikuta wanawake 4 kati ya 10 wa miaka 15 mpaka 49 wameshapigwa tangu wafikishe miaka 15. Kungekuwa na ugonjwa unashika watu 4 kati ya 10 tungekuwa tumefunga masoko.

Sasa nikwambie Mama Ndoo ya kampeni ili usije ukashtuka. Nyumba ya kwanza niliyogonga Sombetini, mwanaume alinisikiliza mpaka mwisho, nikaongelea maji na mitaro, afu akauliza "mume wako kakuruhusu?" Nilijibu ndio. Mpaka leo najuta kwamba nilijibu ndio, ningesema hilo halihusiani na mtaro. Kulikuwa na grupu la WhatsApp la kata wakaanza kusambaza kwamba nimeachika, nina wanaume, picha yangu ya harusini ikakatwa mume akatolewa. Na kuna mtu mwenye nafasi yake aliniambia jina lako linaweza kupita tukionana jioni, tena alisema bila aibu mchana kweupe kwenye hoteli, mimi na soda yangu mkononi. Ile ni rushwa ya ngono, ni kosa tangu sheria ya TAKUKURU ya 2007, kifungu cha 25. Sikumripoti. Niliogopa. Sheria ya uchaguzi ya 2024 nayo imeingiza ukatili wa kijinsia kwenye uchaguzi kuwa kosa, na vyama vimetakiwa viwe na sera ya jinsia. Kwa hiyo tunza meseji, tunza sauti, andika tarehe, usifute kama nilivyofuta mimi.

Kwa hiyo chalii, wanawake kuwa wengi haitoshi, ni wanawake gani na wanamjibu nani. Ila hata mwanaume kama wewe ukisimama kwenye mkutano wa mtaa ukasema hili, lina uzito ambao mi sina, na hilo linaniuma ila ni kweli.

---

Chalii_wa_KwaMrombo

Nimekusoma sista. Mkutano wa mtaa sijawahi kwenda hata mmoja kusema ukweli. Nitaenda.

---

Yeyo_Monduli

Naongezea kidogo na sisi wa jamii ya wafugaji. Huku kwetu ukatili hauanzi kwenye ndoa, unaanza binti akiwa mdogo. Ule ule utafiti wa 2015/16 mkoa wa Arusha ulikutwa na wanawake 41 kati ya 100 wamekeketwa, Manyara 58. Na sheria ya kukataza kumkeketa binti chini ya miaka 18 ipo tangu 1998. Kilichotokea watu hawakuacha wakahamia kwa watoto wachanga, anafanyiwa ana wiki chache, akikua hakumbuki na hakuna wa kushtaki. Polisi atajuaje? Anayejua ni mama, bibi na ngariba, na wanawake waliokuwepo siku ya sherehe.

Halmashauri ya kijiji kwa sheria wanawake wasipungue robo, na baraza la ardhi la kijiji watu 7, wanawake 3. Zamani kwetu walikuwa wanawekwa wanakaa nyuma wamejifunika, wanasaini. Siku hizi kuna vijiji wanaongea na nimeona tofauti kwenye kitu kimoja, ardhi. Mjane akija na wale watatu wapo macho, hanyang'anywi boma kirahisi. Mwanamke mwenye hati ya kimila yenye jina lake anaongea tofauti na mumewe, hata sauti inabadilika, na huyo ndo anayethubutu kusema binti yangu hakatwi. Kwa hiyo mama usidharau hicho kiti chako cha mtaa, robo yetu tuliipata kwa shida.

---

MzeeWaNjoro

Binti wa Kiboriloni nimesoma habari yako mara mbili. Pole sana mwanangu. Hilo la kulala stendi sikulijua kwa wale niliowapatanisha mimi, nimekaa nafikiria wangapi walilala stendi.

Mjumbe, mwambie mwenyekiti wako mzee mwenzake anataka kuongea naye.

---

MamaNdoo_Moshi

Asanteni sana jamani sina hata la kusema, nimesoma yote nikalia kidogo nikapiga kazi.

Nilienda kwa yule mama Jumatano na kisingizio cha kumpelekea ndoo. Tukaenda dawati, kuna askari wa kike alitupokea vizuri, tukapewa PF3, hospitali wakapiga picha, kidole kimoja kimevunjika kile cha pili kimeteguka, kimeanza kuunga vibaya kwa sababu ya kuchelewa. Daktari aliuliza imekuwaje mmekaa wiki tatu, yule mama akaniangalia mimi. Nikasema ni mimi, nilisaini. Kafungwa plasta, yuko kwa dada yake na mtoto. Kuhusu kesi hajaamua kama ataendelea mpaka mwisho na mi simlazimishi, namwambia tu kikoba kitamlipia nauli siku zote za mahakama.

Mtendaji nilimuuliza kamati ya MTAKUWWA, akatafuta kwenye droo, karatasi ipo kweli, watu wengine wameshahama mtaa na mmoja alishafariki.

Nimeandika barua ya ajenda ya mkutano wa mtaa, naiweka hapa msaidizi wa sheria uiangalie kabla sijachapisha: "Kwamba kuanzia sasa ofisi ya mtaa isiandike barua ya kupatana kwa shauri lolote la kupigwa au kujeruhiwa, bali mhusika asindikizwe polisi dawati la jinsia siku hiyo hiyo na mjumbe mwanamke. Kwamba kamati ya MTAKUWWA iundwe upya na majina yabandikwe ubaoni. Kwamba mtaa upeleke kata ombi la nyumba salama liingizwe kwenye bajeti ya halmashauri."

---

MsaidiziSheria_Sakina

Iko vizuri mama. Pale mwishoni ongeza "na iandikwe kwenye muhtasari nani kaunga mkono na nani kapinga kwa majina". Na peleka nakala kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, akugongee muhuri wa kupokea kwenye nakala yako.

---

MamaNdoo_Moshi

Nimeongeza. Nakala imegongwa leo asubuhi. Mwenyekiti kaiweka ajenda ya mwisho kabisa, kasema itajadiliwa kama muda utaruhusu. Kikoba chetu tuko 28, tumekubaliana tunaenda wote na hatuondoki mpaka hiyo ajenda ifike.